Hekalu la Zeus, Athens

Jamani, mwenye nyumba iliyoishia kwenye lenta asijisikie vibaya tena. Jana hapa Athens wenzangu walipanda Akropoli, kile kilima chenye magofu ya kale, mimi miguu ikagoma, nikabaki chini kwenye hekalu la Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki wa kale.

Ujenzi ulianzishwa karne ya 6 KK na watawala wa ukoo wa Peisistratos. Walipong'olewa madarakani, kazi ikasimama. Mwanafalsafa Aristotle aliutaja kama mfano wa watawala kuwachosha watu kwa kazi ili wabaki maskini, wasipate nafasi ya kupanga njama. (Mzee alikuwa anaona mbali.) Mwaka 174 KK mfalme Antiochus wa Nne akaufufua, akafa kabla haujaisha. Sulla, jenerali wa Kirumi, yeye akabeba baadhi ya nguzo hadi Roma! Aliyemaliza ni Kaizari Hadrian, karibu mwaka 131 BK. Zaidi ya miaka 600.

Nguzo zilikuwa 104, kila moja kama mita 17. Leo 15 zimesimama, na moja imelala palepale dhoruba ilipoiangusha mwaka 1852. Hiyo iliyolala ndiyo iliyoninasa. Zilizosimama unazishangaa tu, ila hii inakuonyesha ndani: kumbe si jiwe moja, ni mapande ya marumaru ya mviringo yaliyopangwa moja juu ya jingine, sasa yameegemeana chini kama mkate uliokatwa silesi. Nimezunguka hapo mpaka mlinzi akapuliza filimbi, wanafunga.

Akropoli kesho, magoti yakikubali.