Hofu ya "laini yako inafungwa"

Mama anayeuza ndizi soko la Mbuyuni, Moshi, akipigiwa simu na kuambiwa laini yake inafungwa baada ya dakika 10, anachoporwa kwanza ni muda wa kufikiri. Tapeli humkataza kukata simu kwa sababu akikata atamuuliza jirani. Basi kata! Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, kisha namba ya tapeli itume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Namba ya siri usimtajie yeyote, hata akijiita mtoa huduma.

Na sisi tunaoelimisha tuache vitisho. Anayetishwa kila siku huzoea, au akitapeliwa huficha kwa aibu, na wizi ukichelewa kuripotiwa pesa huwa imeshatolewa kwa wakala.