Vifaranga wanaoburuta uzi mweupe

Mfugaji wa trauti, samaki wa maji baridi, kwenye mteremko wa Mlima Kenya, upande wa Nyeri, aliniita vifaranga wake walipoanza kukonda na kuwa weusi, kila mmoja akiburuta kinyesi cheupe kama uzi. Yeye alilaumu chakula. Mimi nilishuku ugonjwa wa mdomo mwekundu, unaoletwa na bakteria ya Yersinia, nikaanza kwa kosa: nikapasua waliokufa usiku. Utumbo wa trauti huanza kujimeng'enya dakika chache baada ya kifo. Kwenye hadubini niliona uji wa uozo tu.

Tukavua kumi walio hai, hasa wale waliojitenga na kuegemea wavu wa kutolea maji. Pigo moja kichwani, kisha mkasi kutoka tundu la haja hadi chini ya matamvua, bila kutoboa utumbo. Bandama haikuvimba, wala mdomoni na utumbo wa nyuma hamkuwa na damu. Dhana yangu ikayumba. Hata hivyo nilipaka figo kwenye sahani ya agari, rojo la kuoteshea bakteria, maana macho peke yake hayatoshi kuiondolea shaka bakteria ya Yersinia.

Utumbo ulikuwa mtupu, una ute wa njano. Nikaukwangua ndani, nyuma tu ya tumbo, palipo na vile vifuko kama vidole, nikatia tone la maji ya chumvi ya asilimia 0.85 na kufunika kwa kioo. Nilikuza mara 100, kisha mara 400, nikipunguza mwanga. Ukiwa mkali vijidudu hivi hupotea machoni. Hapo vikaonekana: umbo la peasi, urefu wa kama maikromita 10, vikipita mbio. Spironucleus, kimelea cha seli moja. Vichache huishi hata ndani ya samaki mwenye afya, lakini hapa vilijaa kila niliposogeza kioo, katika vifaranga 8 kati ya 10.

Mfugaji akataka vidonge vya metronidazoli, dawa ya kuua vijidudu hivyo. Nikakataa, samaki huyu ni wa kuliwa. Tulilisha siku 3 peleti (chakula cha punje) zilizopakwa haluli ya chumvi, yaani chumvi ya Epsom ya kuharisha, gramu 30 kwa kilo ya chakula, ikashikizwa kwa mafuta kidogo ya kupikia. Haluli huosha utumbo tu, haimalizi vijidudu, navyo huenea majini kwa kinyesi. Kwa hiyo tulitoa tope na kugawa vifaranga kwenye mabwawa mawili.

Agari haikuotesha kitu kwa saa 48 kwenye nyuzijoto 22 za Selsiasi, hivyo Yersinia nikaiondoa. Nyuzi nyeupe za kinyesi zilikuwa haba kabla ya wiki kuisha. Waliobaki mifupa na kichwa hawakurudi kula, tukawatoa.