Siku Kachumbari Ilipokwisha

Mwishoni mwa Aprili 2024, katika mwezi wa Mfunguo Mosi, tulimwoza mpwa wangu huko Tanga, na katika walima wake nilikula nusu tu ya pilau niliyokuwa nimekusudia kula, kisha nikanawa mikono. Shibe ilikuwa bado haijafika. Kilichokwisha ni kachumbari.

Pilau yenyewe haikuwa na ila. Nilikuwa nayo tangu usiku wa manane, kwa kuwa sisi wa upande wa bibi harusi hatukulala, nami nilichukua kigoda nikakaa mahali ambapo moshi haunifikii, nikawatazama wapishi wakikaanga vitunguu katika sufuria ambalo mtoto wa miaka sita angeweza kuogea ndani yake. Mpishi mkuu, mzee aliyekunja mikono ya shati hadi juu ya viwiko, hakuondoa macho kwenye vitunguu vile, kwa sababu rangi ya pilau hutoka hapo: vikiwahi kuongezwa maji, wali hutoka mweupe kama wa mgonjwa, na vikichelewa kidogo tu, uchungu huingia kwenye supu na hakuna bizari itakayouficha. Vilipofika rangi ya hudhurungi ndipo zilipoingia thomu na tangawizi, kisha nyama, kisha bizari nzima, hiliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga, na mtaa mzima ukajua kuwa kuna shughuli. Mchele niliuleta mimi kutoka Morogoro, mchele wa Ifakara, na sioni haya kusema kwamba nilisimama karibu na sufuria pale ulipomiminwa ili kila mtu akumbuke umetoka kwa nani. Maji yalipokauka, kuni zilivutwa nje, makaa yakapaliwa juu ya mfuniko, na kazi iliyobaki ikawa ya kusubiri.

Alfajiri mzee yule alinikatia kipande cha ukoko kutoka ubavuni mwa sufuria. Ukoko wa pilau iliyopikwa kwa kuni, wenye mafuta ya nyama na punje za bizari zilizonasa ndani yake, hauandikwi kwenye kadi ya mwaliko wala hapewi mgeni rasmi, na kwa maoni yangu ndicho chakula bora kuliko vyote vinavyopatikana harusini. Nilikula nimesimama, nikiuhamisha kutoka kiganja kimoja hadi kingine kwa sababu ya moto.

Mchana tuliketi mkekani wanawake watano kuzunguka sinia moja. Matonge matatu ya kwanza yalikwenda vizuri. Bakuli la kachumbari lilikuwa dogo, nalo lilizunguka mara moja tu likarudi likiwa na maji ya ndimu na vipande viwili vya kitunguu. Shangazi yangu alimwita kijana aliyekuwa akihudumu.

"Mwanangu, tuongezee kachumbari."

"Samahani, shangazi, imekwisha. Nyama ipo, nikuletee?"

Nyama ilikuwepo, tena nyingi. Lakini pilau isiyo na kachumbari humchosha mlaji haraka, kwani ule uchachu wa ndimu na nyanya ndio unaosafisha ulimi uliokwisha kufunikwa na mafuta, na bila huo tonge la saba halina tofauti na la sita. Hata kile kidogo tulichokipata kilikuwa na kasoro. Kitunguu hakikufikichwa kwa chumvi na kuoshwa ili ukali utoke, na nyanya zilikuwa ngumu, zenye moyo mweupe, za aina ile ambayo ukiiuma unasikia maji na ganda na huoni jambo lingine la kusimulia. Baadaye nilipata nafasi ya kuiona bajeti ya kamati. Ng'ombe alikuwa na mstari wake, mchele una mstari wake, mapambo ya jukwaa yana mistari minne. Nyanya zilikuwa ndani ya "mengineyo", pamoja na vijiti vya kuchokolea meno.

Jambo hilo lilinikaa moyoni katika safari nzima ya kurudi nyumbani kupitia Segera na Chalinze. Ni kweli kwamba hakuna siku inayopita katika jikoni zetu bila nyanya, ila hakuna anayeitaja. Tunasifu mchuzi wa samaki, tunasifu maharage ya nazi, tunasifu rojo la biriani, na katika vyote hivyo nyanya imekaangwa mpaka ikapotea, kama mtumishi anayetakiwa afanye kazi bila kuonekana. Sikuweza kukumbuka ni lini nilikula nyanya kwa ajili yake yenyewe, jinsi nilavyo embe au chungwa. Nikaamua kuzipanda.

Nyuma ya nyumba yangu Morogoro pana kipande cha ardhi cha hatua kumi kwa sita, ambacho kabla ya hapo kilikuwa makazi ya matofali yaliyobaki wakati wa ujenzi. Papara ilinifanya ninunue miche iliyokwisha kuota na kuipanda mwanzoni mwa Mei, masika yakiwa bado yanamwagika. Ndani ya majuma mawili majani yalipata mabaka meusi yenye ukingo wa majimaji, kisha mashina yakafuata, na mche wa mwisho ulianguka siku ambayo nilikuwa nimemwalika jirani aje kuiona. Jirani, ambaye amelima mboga maisha yake yote, aliangalia akasema kwa upole kwamba hiyo ni bakajani, na kwamba mvua na nyanya ni ndugu wasiosalimiana.

Mara ya pili nilimsikiliza. Mei ilipokuwa inakwisha nilisia mbegu kitaluni, nikachagua Tengeru 97, aina iliyotoka kwa watafiti wa Tengeru kule Arusha na iliyobeba mwaka wake ndani ya jina lake. Si chotara, kwa hiyo mkulima anaweza kuhifadhi mbegu zake mwenyewe. Baada ya mwezi niliihamisha miche kumi na minane, nikaipa samadi iliyoiva, matandazo ya nyasi kavu na vijiti vya kuegemea, nikawa naumwagilia kila mmoja kwenye shina bila kulowesha majani. Matunda ya kwanza yalioza kitako: sehemu ya chini ikawa nyeusi na bapa kama iliyowekwa juu ya pasi. Kumbe huo si ugonjwa wa kuambukizwa, bali tunda limekosa chokaa ya kutosha kwa sababu mmea hunyweshwa leo na kuachwa na kiu kesho kutwa, na mimi hasa ndivyo nilivyokuwa nikifanya kila nilipochelewa kurudi kutoka kazini.

Halafu akaja kantangaze. Nondo huyu mdogo, ambaye kiwavi wake huchimba njia ndani ya jani na kuingia kwenye tunda kupitia karibu na kikonyo, alifika Tanzania mwaka 2014 na amewatia hasara wakulima wengi wa biashara. Asili yake ni Amerika ya Kusini, huko huko ilikotoka nyanya yenyewe. (Mwenyeji wa bara hili ni nyanya chungu, ambayo hatuipi heshima yoyote.) Nyanya ilitangulia kwa karne kadhaa, naye akaja kumtafuta jamaa yake. Bustani ya miche kumi na minane ina faida moja, kwamba mtu anaweza kuikagua jani kwa jani kabla ya kwenda kazini, na mimi kila asubuhi nilichuma majani yenye vijinjia vyeupe nikayachoma moto. Mkulima wa ekari tatu hawezi, na sitathubutu kumfundisha.

Nyanya ya kwanza iliiva wiki ya kwanza ya Septemba. Niliiacha mtini siku mbili zaidi ya subira yangu, nikaichuma saa kumi alasiri, ikiwa na joto la jua na ile harufu kali ya majani iliyobaki vidoleni mpaka usiku. Niliipasua kwa mikono, nikainyunyizia chumvi, nikaila hapo hapo, na ute wa mbegu ukanitiririka hadi kwenye kiwiko. Ilikuwa tamu, kisha chachu, kisha ikaja ladha ya tatu, nzito kidogo, kama ya supu. Ladha hiyo ina jina: mwanakemia wa Kijapani, Kikunae Ikeda, aliichambua mwaka 1908 kutoka kwenye mwani na kuiita umami, na asili yake ni glutameti, kitu ambacho nyanya huongeza kadiri inavyoiva. Sehemu kubwa zaidi imo katika ule ute unaozunguka mbegu, ambao kwa miaka mingi mimi nimekuwa nikiukamua na kuutupa ili kachumbari isiwe na maji. Laiti ningelijua.

Sasa naelewa kilichotupata Tanga. Nyanya inayopaswa kusafiri kwa lori kutoka Ilula au Lushoto, ikiwa imebanwa ndani ya tenga lenye lumbesa juu, lazima ichumwe ingali ngumu, la sivyo itafika sokoni ikiwa masalo. Rangi itakuja yenyewe njiani, lakini sukari ilikuwa ikitoka kwenye majani, na majani yamebaki shambani. Simlaumu mkulima wala mwenye lori. Wanaoiweka baadaye kwenye jokofu, hao nawalaumu kidogo, kwa maana baridi ya chini ya nyuzi 12 hivi huizuia nyanya kutengeneza harufu yake, na nyanya isiyo na harufu imebaki rangi tu.

Katikati ya mwezi huo ilikuwa Maulidi, na nilisafiri na ndoo ya nyanya mapajani, kwa kuwa sikukubali kondakta aiweke kwenye buti. Mama yangu anaishi Ngamiani, Tanga, na kwake nyanya haziitwi nyanya bali tungule.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Na hiyo ndoo?"

"Tungule, mama. Za bustanini kwangu."

"Umetoka Morogoro kuniletea tungule? Sokoni zimekwisha?"

Hata hivyo aliinua moja, akainusa upande wa kikonyo, na kwa muda hakusema kitu. Kisha alikwenda jikoni akachukua chumvi, akaila akiwa amesimama mlangoni, ameinama mbele ili asichafue kanga, na alipomaliza akalamba kidole gumba. Wapo watu husema mla ni mla leo, mla jana kala nini, lakini mama ni wa kinyume chake: alianza kunisimulia shamba la babu yake huko Pangani, tungule ndogo zilizoota zenyewe kando ya kisima, na jinsi wao watoto walivyozimaliza kabla hazijafika jikoni. Sikuwahi kuisikia habari hiyo katika miaka yangu yote arobaini na mitatu.

Usiku ule, baada ya maulidi kusomwa, pilau ilipakuliwa na kachumbari niliikata mwenyewe: kitunguu nilikifikicha kwa chumvi na kukiosha mara mbili, ndimu nilikamua dakika ya mwisho, nyanya zikaingia na mbegu zake na maji yake yote, na watoto waliyanywa maji hayo yaliyobaki kwenye bakuli. Nilijaza beseni zima. Nilipokuwa nikizikata, niligundua kuwa nyanya katika ndoo zimepungua, nikamwuliza mama.

"Nimeweka nne," alijibu bila kugeuka. "Zile si za kachumbari."

Asubuhi nilifunua kawa mezani. Zilikuwa zimebaki mbili, na kando yake kijiko chenye chumvi.