Bizari ya pilau, Houston
Jana nimerudi tena Ninfa's, mkahawa wa chakula cha Kimeksiko cha mtindo wa Texas, mtaa wa Navigation, Houston. Mama Ninfa Laurenzo alikuwa mjane mwenye kiwanda cha tortila, vile vichapati vyembamba vya mahindi au ngano. Mwaka 1973 akaweka meza 10, akauza nyama ya kuchoma ndani ya tortila za ngano. Nyama hiyo, fajita, huletwa kwenye chuma cha moto kikilia chwaaa, moshi mpaka kwenye miwani. Ila mimi mtu wa enchilada, tortila iliyoviringishwa na kujazwa: jibini ya njano inavutika, juu mchuzi mzito wa pilipili. Siku ya kwanza kuuonja nilinyamaza. Bizari nyembamba! Ile ile ya pilau! Meksiko hawaitii kwa wingi hivi, wala hiyo jibini. Hapo ndipo Texas inapojitokeza. Tatizo langu chipsi za mahindi na salsa, kachumbari ya majimaji ya nyanya na pilipili. Za bure, nashiba kabla chakula hakijafika.