Asa Alipozeeka

"Babu, Asa alikuwa mfalme mwema au mbaya?" Mjukuu wangu ana somo la Jumapili na anataka jibu moja la kuandika. Tukafungua 2 Mambo ya Nyakati. Asa, mfalme wa Yuda, anavunja madhabahu za miungu, anamvua hata mama yake Maaka umalkia kwa ajili ya sanamu aliyoifanya, anamlilia Mungu mbele ya jeshi la Zera Mkushi na kushinda. Kisha sura ya 16, mwaka wa 36 wa kutawala kwake: anachota fedha na dhahabu za nyumba ya Bwana na kumpelekea Ben-hadadi wa Shamu ili apate msaada. Hanani mwonaji anamkemea, naye anamtia gerezani. Mtoto akaandika "mbaya", akafuta. Mimi mawazo yalikuwa yameshaniondoa pale.

Wengi wenu mnamjua mzee ninayemkumbuka, jina halina haja. Alishika funguo za sanduku la sadaka tangu ujana wake. Sarafu moja ikipungua alisimamisha hesabu mpaka ionekane, hata kama wengine tulishachoka na giza limeingia.

Siku ile tulikuwa kwenye kikao cha kamati. Binti aliyechaguliwa kukagua hesabu alikuwa na kitabu mbele yake, akauliza kwa adabu, karibu kwa kunong'ona: "Samahani Mzee, stakabadhi za mfuko wa ujenzi sizioni." Mzee alivua miwani, akaikunja taratibu, akavuta kitabu upande wake. Kidole chake kiliukandamiza ukurasa kana kwamba kuna upepo, na upepo haukuwapo. "Mwanangu," akasema, "nilipokabidhiwa funguo hizi wewe ulikuwa hujazaliwa." Sauti haikupanda hata kidogo. Akafunga kitabu, na kalamu ya yule binti ikabaki ndani. Jalada likainuka kidogo pale ilipolala kalamu. Binti aliitazama, hakuidai. Mwenyekiti akasema tuendelee na ajenda inayofuata.

Mengine yalikwenda haraka. Alikuwa akijikopesha kidogo kidogo, kila mara akikusudia kurudisha, mpaka deni likamshinda. Aliungama mbele ya usharika, akavuliwa uzee wa kanisa, na hakuishi muda mrefu baada ya hapo.

Wapo waliosema ndivyo alivyokuwa tangu mwanzo, ila sasa amejulikana. Hilo silikubali. Nilikabidhiwa vitabu vyake vya zamani nivipitie, na nimeona alivyojisahihisha mwenyewe kwa wino mwekundu, makosa ambayo hakuna mtu angeyagundua. Mtu yule alikuwa mkweli. Ninachokiona katika vitabu hivyohivyo ni kwamba miaka ya mwanzo kila ukurasa una saini ya mkaguzi, kisha saini zinaanza kuruka kurasa, na mwishoni kuna muhuri tu juu ya jalada. Tulimheshimu hadi tukaacha kumuuliza. Na mtu aliyezoea kutoulizwa, swali la kwanza analisikia kama tusi. Ndiyo maana naamini Asa alimfunga Hanani. Enzi za ujana wake nabii Azaria alipomletea neno, alijipa moyo akatenda.

Mwandishi wa Mambo ya Nyakati hakuficha upande wowote. Sura ya 15 inasema moyo wa Asa ulikuwa mkamilifu siku zake zote, na sura inayofuata inasimulia anguko lake. Alipokufa walimzika kwa manukato na heshima kubwa.

Juzi kamati ilijadili bamba la ukumbi, lenye majina ya waliojenga. Jina la yule mzee ni la tatu. Nilipiga kura libaki. Yule binti, ambaye sasa ndiye mhazini, alipiga kura liondolewe. "Heshima yake mliitunza," akaniambia tulipotoka. "Yangu siku ile hakuna aliyeitetea." Sijapata neno la kumjibu.