Siku yangu moja Valpolicella: kazi yote iko darini

Saa 1 asubuhi. Kabla ya chai napanda darini. Naishi Negrar, katika eneo la mvinyo la Valpolicella, kaskazini mwa Verona nchini Italia, na kazi yangu ni kupokea wageni kwenye kiwanda kidogo cha mvinyo cha familia. Lakini mwisho wa Oktoba kila mfanyakazi anaanzia kwenye zabibu. Kreti zimejaa dari zima, na kila moja ina safu moja tu ya vichala, visigandamane. Nanusa kwanza, ndipo natazama. Punje iliyopasuka au kuota ukungu naing'oa pale pale kwa ncha ya mkasi, maana nikiiacha mpaka kesho itaharibu na za jirani. Leo bonde lina ukungu mzito, kwa hiyo madirisha yamefungwa na feni zinazunguka. Jua likitoka tutafungua pande zote mbili upepo upite.

Saa 3. Kuosha glasi, kufagia ua.

Saa 4. Wageni wa leo wamenifurahisha mno: wakulima wa zabibu kutoka Dodoma, wako kwenye ziara ya mafunzo. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, kumbe na huku tupo!" Nawapitisha shambani, chini ya mizabibu iliyotandazwa juu ya vichwa vyetu kama paa, na kando ya kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, zinazoshikilia udongo wa mteremko. Nawaonyesha Corvina, aina ya zabibu ambayo ngozi yake nene inavumilia kukaushwa, na wenzake Corvinone na Rondinella.

Mzee ananisimamisha. "Mwanangu, mmevuna vizuri, mbona mnaziacha zinyauke? Sisi mnunuzi akichelewa siku chache tu tunahesabu hasara."

Swali hilo sikulijibu shambani. Tulipanda wote darini.

Saa 5 na nusu. Nilimpa mzee kichala kimoja akishike. Akakipima mkononi, akacheka: chepesi! Ndiyo shabaha yenyewe. Zabibu hukaa humu siku 100 hadi 120, zinapoteza asilimia 30 hadi 40 ya uzito, na sukari inabaki imekolea. Kwa kawaida hairuhusiwi kuzikamua kwa ajili ya Amarone, mvinyo wetu mkavu wa zabibu zilizokaushwa, kabla ya tarehe 1 Desemba. Jambo hili ni la kale sana. Katika karne ya 6 Cassiodorus, mtumishi mkuu wa wafalme wa Wagothi, aliandika barua kuagiza kwa meza ya mfalme mvinyo wa huku Verona, akaeleza jinsi zabibu zilivyotundikwa ndani ya nyumba mpaka majira ya baridi. Pembeni tumebakiza chanja za matete walizotumia wazee kabla ya kreti za plastiki. Wageni walizikagua kwa muda mrefu kuliko kitu kingine chochote, wakapima hata nafasi kati ya tete na tete.

Saa 7. Chakula: wali wa maji maji uliopikwa kwa Amarone. Walikula, ingawa mama mmoja aliuliza kama mboga inakuja.

Saa 8 na nusu. Mapipani. Zamani mvinyo wa zabibu hizi ulikuwa mtamu, unaitwa Recioto: uchachu unasimama kabla sukari haijaisha. Hamira ikiila karibu sukari yote, unapata Amarone, mkavu na mkali, wenye kilevi kuanzia asilimia 14. Negrar wanasimulia kwamba mwaka 1936 pipa moja la Recioto lililosahauliwa ndilo lililowapa jina la Amarone. Makapi nayo hayatupwi: mvinyo mchanga wa Valpolicella unamiminwa juu yake, uchachuke tena, na huo ndio Ripasso. Hapo wakulima walianza kuandika kwa kasi.

Huwa naumia mgeni akiuliza bei ya chupa kabla hajafika darini. Hawa waliuliza bei mwisho kabisa, na nilipotaja miaka miwili ya kulaza mvinyo kabla ya kuuzwa, mzee alisema, "Basi si ghali."

Saa 11 jioni. Wameondoka. Mzee ameniomba vipimo vya chanja na picha za dirisha linavyokaa kuelekea upepo. Dodoma hewa ni kavu, na anataka kujaribu kwa kreti chache za mavuno yajayo. Nimepanda tena na futi ya kupimia. Upana na urefu kwa sentimita, vyote nimeandika, na picha zinamfikia usiku huu huu.