Nilivyoizoea Hamburg peke yangu, majani yakipukutika

Nilifika Hamburg wiki ya kwanza ya Oktoba 2023, nimekuja kujitolea mwaka mmoja kwenye nyumba ya kulelea wazee, sina ndugu wala rafiki, na Kijerumani changu ni kile cha darasani Tanga tu. Siku za kazi hazikuwa na shida, wale wazee wanakuongelesha hata kama huwaelewi. Shida ilikuwa Jumamosi na Jumapili. Wikiendi mbili za kwanza nilijifungia chumbani, mama akipiga WhatsApp ananiuliza "mwanangu leo umetoka?" namwambia nimetoka, na sijatoka, na nikikata simu moyo unaniuma kwa kumdanganya mzazi.

Wikiendi ya tatu nikasema hapana. Nilikuwa nimeshakata ile tiketi ya mwezi ya euro 49 iliyoanza mwaka huohuo, nikajua ni ya basi na treni tu, kumbe dada mmoja wa kazini akaniambia hata pantoni unapanda nayo. Niliposikia pantoni nikajua hapo ndo pa kuanzia, maana mimi nimekulia pwani, penye maji sipotei.

Pantoni namba 62 inaondokea Landungsbrücken inaenda mpaka Finkenwerder, kama nusu saa hivi. Unaingia tu. Nikapanda juu kule wazi, upepo aisee, masikio yanauma kama mtu kayafinya kwa kucha, ila macho yangu yalikuwa yanashangaa vitu vingine kabisa, zile kreni za bandari zimejipanga upande wa pili, meli ya makontena inapita karibu mpaka unainua shingo kuona mwisho wake. Na huo ni mto jamani, Elbe, bahari iko zaidi ya kilomita mia moja kutoka hapo! Nikashuka kituo cha Neumühlen, ukitembea kidogo tu unakuta ufukwe, mchanga kabisa wa ufukweni, watu wamevaa majaketi wanatembeza mbwa. Nikaona mstari wa maji kwenye mchanga, sehemu ya juu imekauka na huku chini kumelowa kunang'aa, nikasimama pale nikielewa taratibu kwamba maji yamekupwa. Mto unakupwa na kujaa kama bahari yetu, na tofauti yake ni zaidi ya mita tatu. Nikavua glavu nikashika ule mchanga, wa baridi kama umetoka kwenye friji. Pale pembeni kuna jiwe kubwa sana la tani 217 walilitoa mtoni mwaka 1999 wakati wanachimba kuongeza kina, nikaliegemea nikanywa chai yangu ya tangawizi ya kwenye chupa. Siku hiyo ndo nilianza kuipenda hii mji.

Basi nikajiwekea utaratibu, sehemu moja tu kwa siku, sio kukimbizana na sehemu kumi, natoka saa nne asubuhi, chai na pawabenki kwenye begi, na giza linikute nimeshageuza. Hilo la giza lichukulieni serious kama mnakuja huku miezi hii, kwasababu Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma saa moja, na kuanzia hapo hata saa kumi na moja jioni haijafika jua limeshazama. Mimi mtoto wa jua la saa kumi na mbili mwaka mzima, lile giza la mapema lilinikaba roho kuliko baridi yenyewe. Baridi inatibika, nilinunua koti zito soko la mitumba. Giza dawa yake ni kutoka mapema tu.

Kwetu vuli ni mvua, kuanzia Oktoba mpaka Desemba hivi. Huku vuli ni majani, ila mvua nayo ipo, rasharasha isiyoisha, na majani yakilowa kwenye lami yanateleza kama sabuni kwahiyo viatu vya soli laini achana navyo. Jumamosi za mvua nilikuwa nashuka kwenye handaki la zamani la mwaka 1911, linapita chini ya Elbe, unatembea mita 426 kwa miguu hulipi kitu, ukitokea ng'ambo unaiona Hamburg yote mbele yako. Au napanda treni ya U3 nakaa upande wa dirisha, ikitoka ardhini inapita juu ya daraja bandari yote unaiona. Na wakikusalimia "Moin" jibu "Moin", asubuhi mpaka usiku ni hiyohiyo.

Sehemu niliyoitaka kuliko zote niliiacha mpaka katikati ya Novemba. Makaburi ya Ohlsdorf. Alizikwa huko Bi Salme, binti Sayyid Said wa Zanzibar, aliyezaliwa 1844, akaondoka Unguja usiku mwaka 1866, akaolewa Aden na Mjerumani na kuletwa hapahapa Hamburg, akaitwa Emily Ruete. Miaka mitatu tu mume akafa kwa ajali ya tramu, akabaki na watoto watatu kwenye mji wa watu. Nikiwa chumbani wikiendi zile mbili nilikuwa namfikiria sana huyu mama, mimi nina WhatsApp, yeye alikuwa na nini?

Mara ya kwanza sikulipata. Yale makaburi ni karibu hekta 390, mabasi yanapita ndani, nikazunguka na simu mpaka chaji ikaisha na jua likazama, nikatoka kwa kufuata taa za basi. Wiki iliyofuata nikaanzia geti kuu kwenye ofisi ya maelezo, nikaandika jina kwenye karatasi, wakanipa ramani na kunichorea kwa kalamu. Njiani familia zilikuwa zinafunika makaburi ya watu wao kwa matawi ya misonobari, ndo wanavyoyaandaa kwa baridi, mzee mmoja amepiga magoti anayapanga moja moja kama anamfunika mtoto shuka. Nikamwonyesha ramani, akanyanyuka akanisindikiza mpaka mwisho wa njia.

Nikalikuta. Jina la Ruete kwenye jiwe, majani ya njano yamejaa juu. Nikayafuta kwa mkono, yaliyobandika nikayabandua. Inasimuliwa alizikwa na kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja. Nikampigia mama video, nikamwambia mama leo nimetoka, nikageuza kamera. Mama akakaa kimya kidogo halafu akasema, "Mwambie bibi shikamoo, mwambie watu wa nyumbani wanamsalimu."

Nikainama nikamwambia. Halafu nikawahi basi, ilikuwa inakaribia saa kumi.